Madhara Yasiyokusudiwa na Kibebeo cha Dawa

Kanuni ya athari mbili, ambayo chimbuko lake hutafutwa katika maandishi ya Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya 13, aliyejadili uhalali wa mtu kujihami hata kama mshambulizi atakufa, husema kwamba tendo lenye matokeo mema na mabaya laweza kuwa halali iwapo tendo lenyewe si ovu, ubaya haukukusudiwa wala haukutumiwa kuwa njia ya kuufikia wema, na wema unaopatikana una uzito wa kuustahili ubaya unaovumiliwa. Tiba ya saratani kwa dawa za kemikali huonekana kuingia katika kanuni hii bila taabu, kwa kuwa daktari hukusudia kuziua seli za uvimbe, ingawa anajua fika kwamba seli za nywele, za utumbo na za uboho zitaumia pia.

Hata hivyo, dawa iitwayo paklitakseli huonyesha kwamba madhara yanayowekwa katika fungu hilo moja si ya aina moja. Dawa hii ilitolewa katika gome la mti Taxus brevifolia wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, na muundo wake ukachapishwa mwaka 1971 na Monroe Wall, Mansukh Wani na wenzao. Hufanya kazi kwa kuzikaza mikrotubuli, yaani nyuzi za protini ambazo seli huzitegemea inapogawanyika, hata mgawanyiko ukakwama. Na kwa kuwa seli za nywele nazo hugawanyika upesi, kunyonyoka kwa nywele hutokana na kitendo kilekile kinachoponya. Lakini paklitakseli haimumunyiki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na ili iweze kupita katika mshipa ilichanganywa na alkoholi pamoja na Cremophor EL, kimiminika kinachotengenezwa kutokana na mafuta ya mbarika, ambacho chenyewe chaweza kuamsha mzio mkali kiasi kwamba mgonjwa hupewa kwanza steroidi na dawa za kuzuia mzio kabla ya kutundikiwa dripu.

Mzio huo hauambatani na uponyaji kwa lazima. Umetokana na kibebeo kilichochaguliwa na binadamu kwa kukosa kilicho bora, na kwa hiyo kinachouhalalisha ni dharura, wala si kanuni ya Aquinas peke yake. Wanazuoni wa fiqhi ya Kiislamu wameliweka jambo hili wazi zaidi waliposhikilia kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake, na kwamba ruhusa iliyoletwa na udhuru huondoka udhuru unapoondoka.

Udhuru huo umeanza kuondoka kupitia chembe za lipidi, yaani za mafuta, ambazo upana wake hupimwa kwa nanomita, sehemu moja ya bilioni ya mita. Miaka ya 1960 Alec Bangham, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba fosfolipidi, molekuli zenye kichwa kinachopenda maji na mikia inayoyakimbia, zikiwekwa majini hujipanga katika tabaka mbili na kujifunga kuwa vifuko viitwavyo liposomu. Dawa isiyopatana na maji hujificha kati ya mikia hiyo, ikasafiri katika damu bila kuhitaji Cremophor. China iliidhinisha paklitakseli ya namna hiyo mwaka 2003.

Haifai, lakini, kuzisifu chembe hizi kupita ushahidi. Doksorubisini ya liposomu, dawa nyingine ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huupunguzia moyo madhara, lakini huweza kuichubua ngozi ya viganja na nyayo. Aidha, uchambuzi wa tafiti za miaka kumi, nyingi zikiwa za wanyama wa maabara, uliochapishwa mwaka 2016, ulikuta kwamba kwa kipimo cha kati ni asilimia 0.7 tu ya chembe za nano zilizodungwa iliyofika kwenye uvimbe. Anayedai kwamba dawa hizi hulenga saratani pekee anaeleza nia yake, haelezi kinachotokea mwilini.

Hata faida hiyo yenye mipaka haijawafikia wote. Katika nchi tajiri, doksorubisini ya liposomu ni tiba ya mstari wa mbele kwa saratani ya Kaposi, ugonjwa ulioenea sana Afrika Mashariki pamoja na UKIMWI. Huku jaribio lililofanyika Kenya, Uganda, Malawi na kwingineko, na kuchapishwa mwaka 2020, liliilinganisha paklitakseli na dawa nyingine za bei nafuu, nayo ikazishinda. Daktari anayeitumia pamoja na Cremophor yake ana udhuru kamili, maana hakuna kingine mbele yake. Kanuni ya athari mbili, hata hivyo, iliundwa kwa ajili ya mtendaji mmoja mwenye tendo moja, na hapa tendo limegawanywa baina ya mwenye hataza, mpangaji wa bei, mnunuzi wa serikali na muuguzi anayetundika dripu. Watatu wa kwanza hawawezi kuazima udhuru wa wa mwisho, kwa kuwa dharura anayokabiliana nayo imetokana, kwa sehemu, na maamuzi yao wenyewe.