Ree Mbili na Hukumu ya Matokeo
Katika poka ya Texas isiyo na kikomo, yaani mchezo wa karata ambamo mtu anaweza kutia fedha zake zote zilizo mezani kwa dau moja, ree mbili ndizo karata za kuanzia zenye nguvu kuliko zote, nazo hupatikana kwa wastani mara 1 katika migao 221. Zikikabiliana na wafalme wawili kabla ya karata za pamoja kufunuliwa, hushinda takriban mara 82 kati ya 100. Kwa hiyo anayepandisha dau ili abaki na wapinzani wachache ametenda kwa busara hata akishindwa, ingawa watazamaji, kwa dhuluma iliyozoeleka mno, humwita mjinga. Mwaka 1976 wanafalsafa Bernard Williams na Thomas Nagel waliijadili bahati ya kimaadili, yaani hali ya mtu kuhukumiwa kwa mambo asiyoyatawala, kama mchezaji huyo anavyohukumiwa kwa karata zilizofunuliwa. Hata hivyo, usahihi wa hesabu hauthibitishi uhalali wa mchezo: Kurani, katika aya ya 90 ya Sura Al-Maida, inakataza kamari yenyewe, na kwa mwenye kuiamini, ree mbili nazo zimo katika katazo hilo.