Mwenye Zamu Ana Nini?

Mali ambayo mwanadamu huielewa upesi ni ile anayoweza kuishika: jembe, ng'ombe, shamba lenye mpaka, fedha iliyofungwa katika pindo la nguo. Juu ya mali ya namna hii maswali yamekwisha kuulizwa na kujibiwa mara nyingi, na hata mtoto mdogo huyajua majibu yake kabla ya kwenda shule. Lakini ipo mali nyingine isiyoshikika. Mtu huinunua, huirithi, huigombea, na hali akiambiwa aionyeshe hana cha kuonyesha isipokuwa siku na saa. Mali hiyo ni zamu. Mwenye zamu ana nini hasa: ana kitu, au ana ahadi tu? Na yule mwenye uwezo wa kubadili utaratibu wa zamu, je, hakushika mali ya wenziwe mkononi mwake?

Swali hili halihitaji kutafutwa mbali. Shirimatunda ni kata ya Manispaa ya Moshi, chini ya mteremko wa Kilimanjaro. Anayesimama hapo ana mlima upande wa kaskazini, na kusini ana tambarare yenye joto inayotelemka kuelekea Nyumba ya Mungu. Maji hutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo kila akaaye katika nchi ile yupo chini ya mtu fulani na juu ya mtu mwingine, naye hupokea kilichobakizwa na kuacha kitakachopokewa.

Wachagga walilitambua jambo hili zamani, wakachimba mifereji waiitayo mifongo. Wazungu waliofika mlimani katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Mfongo huanzia juu katika korongo la mto, hukingwa kwa mawe na udongo, kisha hufuata ubavu wa mlima kwa mwinamo mdogo mno hata hufika vihambani, kwenye migomba na kahawa, na chini zaidi kwenye mashamba ya ulezi. Mingi hutajwa kwa jina la ukoo ulioanza kuichimba. Aliyechimba alipata zamu. Na mrithi wake aliihifadhi zamu ile kwa kutoka na jembe siku ya kusafisha mfongo, kuzoa matope na kuziba palipobomoka. Asiyetokea alitozwa faini, na mkaidi alinyimwa maji. Hapa zamu ilikuwa ni jasho lililogeuzwa kuwa saa.

Walakini jasho peke yake halikutosha. Alikuwako mzee wa mfongo, naye ndiye aliyepanga nani afungue leo na nani angoje kesho. Mwaka wa kiangazi kikali zamu za siku nzima zilikatwa zikawa za nusu siku, na aliyezoea kumwagilia asubuhi aliambiwa amwagilie jioni. Kanuni zilibadilika, basi, tena mara kwa mara. Kwa nini mabadiliko hayo hayakuitwa wizi? Yamkini ni kwa sababu mbili. Ya kwanza, mzee yule naye alikuwa na migomba yake juu ya mfongo uleule, na alipokata zamu za wengine alikata na yake. Ya pili, upungufu wenyewe ulionekana kwa macho. Mtu hakuhitaji kuambiwa kwamba maji yamepungua. Alitazama mferejini akaona mawe.

Mtu asidhani kwamba haya ni mambo ya wakulima wa mlimani tu. Katika nchi za mbali watu wenye nafasi wamebuni mfongo wa namna nyingine, ambao ndani yake hayapiti maji bali hupita siku za mapumziko. Mwaka 1963 shirika la Hapimag lilianzishwa Uswisi; mwenye hisa hakupewa nyumba wala chumba, bali alipewa kila mwaka pointi za kukaa katika nyumba za shirika. Mwaka 1991 kampuni ya Disney ikaanzisha klabu yake huko Marekani kwa mfano huohuo. Mwanachama hulipa fedha nyingi mwanzoni, kisha kila mwaka hulipa ada ya matunzo, akija asije. Pointi zake huhesabiwa katika jedwali: siku za msimu wa watu wengi hugharimu pointi nyingi, siku za upweke chache. Na kama vile mfongoni, ipo saa ya kufungua. Katika klabu ya Disney, mwanachama aliyenunua kwenye nyumba fulani huruhusiwa kuweka siku zake miezi 11 kabla, na wanachama wa nyumba nyingine miezi 7 kabla. Mwenye pointi akichelewa kugonga mlango hukuta vyumba vyote vimekwisha kuchukuliwa, naye hubaki na pointi zake kamili na pasipo mahali pa kulala.

Jedwali nalo hubadilika. Mwenye pointi 100 mwaka huu atakuwa na pointi 100 mwakani. Hakuna aliyemwibia hata moja. Lakini chumba alichokipata kwa 100 kikitozwa 130, amepunguziwa mali bila ya mkono kuingia mfukoni mwake. Klabu ile imejifunga kwa sharti kwamba jumla ya pointi za mwaka katika nyumba haitaongezwa: zikipandishwa siku hizi, sharti zishushwe siku zile. Ni sharti la busara. Hata hivyo jedwali la mwaka 2010 lilipopunguza pointi za mwisho wa juma na kuzipandisha za siku za kazi, jumla ilibaki ileile, na aliyekuwa amenunua pointi za kumtosha siku za kazi tu aliona zimempungukia. Haki ya jumla ilitimizwa. Haki ya yule mmoja ilipelekwa kwa jirani yake. Tofauti na mzee wa mfongo ni kwamba anayeandika jedwali si lazima awe na migomba kwenye mfereji huo, wala mwanachama hana mawe ya kutazama. Huambiwa tu.

Mtu wa haraka angeweza kukoma hapa na kuhukumu kwamba zamu ya wazee ilikuwa haki na zamu ya makampuni ni ujanja. Nchi ya tambarare chini ya Moshi haimruhusu.

Mwaka 1987 ulikamilika mpango wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ushirikiano wa Japani, wenye mifereji ya zege na hekta zipatazo 1,100 zilizokusudiwa mpunga, kwa maji ya mito ya Njoro na Rau. Wakulima wa Mabogini na Chekereni walipewa zamu zilizopimwa kwa hesabu. Mavuno yalikuwa mazuri mno, na uzuri huo ndio ulioleta mashaka. Maana wakulima wa juu yao, waliokuwa nje ya mpango, waliuona mpunga ule wakaupanda na wao, wakakinga maji kabla hayajafika kwenye zege. Eneo la mpunga ndani ya mpango likapungua sana. Hakuna aliyebadili kanuni ya mpango hata herufi moja. Zamu zilibaki karatasini kama zilivyoandikwa, na maji yakawa hayapo.

Je, mkulima wa juu alikuwa mwizi? Kwa karatasi ya mpango, ndiyo. Lakini mtu yule angeweza kujibu kwamba watu wa kwao walikinga mto huo kabla mchoro wa kwanza wa mpango haujachorwa, na kwamba ni yeye aliyebadilishiwa kanuni. Sheria Na. 42 ya 1974 iliyaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya Jamhuri, na kumtaka mtumiaji awe na haki iliyotolewa na serikali. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani ilipoanza kazi mwaka 1991, mfongo uliochimbwa na mababu ulitakiwa kuwa na kibali na kulipiwa ada. Sheria Na. 11 ya 2009 iliitambua haki ya kimila, lakini kwa muda wa miaka mingi mzee wa mfongo aliamka akiwa na zamu ya babu yake na bila haki mbele ya ofisa. Kila mmoja katika mgogoro huu ni mwenye zamu, na kila mmoja amevunjiwa utaratibu na mwingine.

Wala haifai kusema kwamba dawa ni kuzifunga kanuni zisibadilike kabisa. Zamu ya mfongo ilihesabiwa kwa mwanamume mwenye kihamba; mjane na mtoto wa kike walipata maji kupitia kwa mtu. Mji wa Moshi hunywa maji ya chemchemi, zikiwamo za Nsere na Shiri, na watu wake wengi si wana wa waliochimba. Mpangaji wa Shirimatunda afunguaye bomba alfajiri hakutoka na jembe siku ya matope. Kanuni isiyobadilika ingemwambia afe kwa kiu kwa sababu babu yake alichelewa. Hakuna mwenye akili awezaye kuitetea kanuni ya namna hiyo, hata akiwa yeye ndiye mwenye zamu ya kwanza.

Kinachodaiwa na mwenye zamu, basi, si kwamba utaratibu ubaki milele. Anadai asiwe peke yake katika hasara, na anayekata naye akatwe. Anadai pia habari kabla ya mbegu kuingia ardhini. Zamu iliyopunguzwa mwezi wa kulima ni shida, na iliyopunguzwa mpunga ukiwa unachanua ni uharibifu, ijapokuwa kiasi cha maji ni kilekile. Jambo gumu kuliko yote ni la kuondoka. Mwenye ng'ombe asiyeridhika humuuza. Mwenye pointi mara nyingi hapati wa kumuuzia kwa bei aliyolipa, na ada ya mwaka humfuata. Mwenye zamu ya mfongo hawezi kulichimbua jasho lake mferejini akahama nalo. Ni kwa sababu hana pa kuondokea ndipo lazima awe na pa kusemea.

Mkulima wa mwisho wa mfereji, asipoyaona maji saa ya zamu yake, hachukui karatasi. Huchukua tochi na jembe akapanda kuufuata mfereji gizani, akitazama kila tuta lililofunguliwa, mpaka amfikie mtu. Mara nyingi mtu huyo ni jirani amjuaye, ambaye naye ameshika jembe, na shamba lake nalo limekauka.