Lebo Isiyofika Kwenye Simu

Mama mwenye gesti alinieleza kazi yake tukiwa tumesimama mapokezini, yeye akihesabu funguo. Alikuwa analipia intaneti moja, na alitaka iwe tatu. Ya kwanza ya ofisi: kompyuta ya mapokezi, kamera za korido na simu yake. Ya pili ya wanunuzi wa dhahabu na wageni wengine wa vyumba vyenye kiyoyozi. Ya tatu ya wachimbaji, wale wanaolala vyumba vya uani. “Waya ni huohuo mwanangu, lakini wasionane,” alisema. Nikamwambia inawezekana, mama, na kwamba jambo lenyewe lina jina.

Jina lake ni VLAN. Badala ya kutandaza waya tatu na kununua swichi tatu, unachukua swichi moja. Si ile ya kuchomeka na kusahau, ni ile unayoingia ndani yake kwa kompyuta na kuipa amri. Unagawa kwa namba. Nilichagua 10 kwa ofisi, 20 kwa wachimbaji na 30 kwa wanunuzi. Nikafunga darini aksesi pointi tatu, vile visahani vyeupe vinavyorusha waifai, kila kimoja kikirusha majina mawili kwa wageni, na kila jina likiwa limefungwa kwenye namba yake. Furushi la data likitoka kwenye kisahani kwenda kwenye swichi, linabandikwa lebo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo ni biti 12 tu zinazobeba namba. Kanuni hiyo, inayoitwa 802.1Q, ilichapishwa na IEEE mwaka 1998. Inakupa namba 4,094 za kutumia. Gesti ya Segese ilihitaji tatu.

Kuna jambo nililokuwa nalijua kama fundi bila kuwahi kulifikiria kama binadamu: lebo haifiki kwenye simu. Simu inatuma data yake tupu, aksesi pointi ndiyo inayobandika. Jibu linaporudi, lebo inabanduliwa kabla halijarushwa hewani. Kwa hiyo mwenye simu anapangiwa namba, namba hiyo inaamua anaona nini, anafika wapi na kwa kasi gani, na yeye hana mahali popote pa kuisoma. Ndivyo ilivyoundwa, na kwa ufundi ni jambo zuri, kwa sababu simu yoyote ya bei chee inaingia bila kujua lolote kuhusu VLAN.

Mwanzoni niliharibu. Mitandao uliyoitenganisha kwenye swichi hukutana tena kwenye rauta, na kazi ya rauta ni kuunganisha, usipoikataza, inaunganisha. Sikuikataza. Siku ya tatu kijana mmoja wa vyumba vya uani alikuja mapokezini na simu yake mkononi. “Samahani kaka, hii si korido yenu?” Alikuwa anaiona moja kwa moja. Kamera bado zilikuwa na neno la siri la kiwandani, nalo nilikuwa nimeahidi kulibadilisha “kesho”.

Wewe unayesoma hapa ukiwa Mwenge au Nyegezi unaweza kuona ni aibu ndogo ya fundi. Segese ni mji wa dhahabu. Mtu aliyeuza mchana analala na pesa usiku. Anayeiona korido anajua nani kaingia chumba gani, na begi gani, saa ngapi, na ameongozana na nani. Kijana yule angenyamaza na kuwapigia simu wenzake wawili, ningekuwa nimefungua milango yote ya gesti bila funguo. Nilikesha nikiandika amri za kukataza kwenye rauta. Tangu usiku ule sikubaliani na mtu anayeniambia kwamba kila kuta ni ubaguzi. Kuna kuta zinazowalinda hata waliowekwa nje yake.

Tatizo langu ni ukuta wa pili. Mama aliniomba pia kila simu ya namba 20 ipewe kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, na ya namba 30 iachwe ikimbie. Sababu aliitoa, na haikuwa ya kijinga. Zamani wote walipokuwa mtandao mmoja, siku ya Simba na Yanga vyumba vya uani vilinyonya intaneti yote, na mnunuzi akashindwa kutuma picha za risiti kwa bosi wake. Mnunuzi analipa chumba mara nne ya mchimbaji. Nikaandika 1 kwenye kisanduku cha kasi, nikabonyeza hifadhi.

Wiki moja baadaye nilirudi kubadilisha kebo. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta na kompyuta yangu wakati kijana yuleyule wa korido alipokuja. Amemaliza kidato cha sita, anabeba mawe ya dhahabu kupeleka karasha huku akisubiri chuo. Alikuwa anapandisha viambatisho vya maombi ya mkopo wa Bodi, pamoja na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, na kila faili likifika katikati linakatika. Siku ya mwisho ilikuwa kesho yake. “Dada, mtandao leo vipi?” Dada wa mapokezi akajibu kwa upole kabisa, “Mtandao uko chini, kaka. Segese yote.”

Kwenye kompyuta yangu niliona namba 30 ina kifaa kimoja tu. Wanunuzi walikuwa wametoka. Mtandao haukuwa chini. Yeye ndiye aliyewekwa chini, na mimi ndiye niliyemweka. Nilinyamaza. Akashukuru, akaondoka kutafuta steshenari.

Nimejaribu kujitetea kwamba dunia yote ina madaraja. Basi lina daraja la kawaida na daraja la kati, na hatusemi abiria wa kawaida kadhulumiwa. Lakini nauli ya kila daraja inatangazwa na LATRA. Abiria anajua amenunua nini, na akiona hakustahili hivyo anaweza kugomba na kondakta hadi Shelui. Hapa kwetu Msalala kuna uzio mkubwa kuliko wote, wa mgodi wa Bulyanhulu, mahali ambapo wachimbaji wadogo waliondolewa mwaka 1996 kumpisha mwekezaji. Sikuja kuutetea uzio ule. Ila unaonekana. Watu wameupeleka bungeni, wameuandika, wameubishia miaka yote hii, kwa sababu kila mmoja anajua unapoanzia. Nani atabishia uzio unaoitwa “mtandao uko chini”? Atalalamikia mnara, atalalamikia mvua, atanunua bando jingine.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliweka kipimo ambacho nakiona kinafaa hata kwa swichi: kitendo kinachogusa haki za wengine, ikiwa nia yake haiwezi kutangazwa bila kuharibika, basi si cha haki. Nikipeleka kipimo hicho gestini, ukuta wa kamera unapita. Naweza kuwaambia wageni wote kwamba hawawezi kuziona kamera, na wakafurahi. Siri ni neno la kuingilia, ukuta wenyewe si siri. Hata kasi ya megabiti 1 inaweza kupita, ikiandikwa. Kinachoanguka ni jibu la yule dada. Nalo halikuwa la kwake. Kila aliyeujua mpango ule alikuwa amemwachia yeye aumalizie kwa mdomo.

Nilimwendea mama jioni akichambua mchele. Nikamwamkia, nikamweleza, nikapendekeza tubandike karatasi. Alicheka. “Mwanangu, ukimwambia mtu umempunguzia, kesho anadai nyumba.” Nikasema basi adai, mama, ajue anadai nini. Alichambua sinia zima kabla ya kujibu. Akakubali kwa sharti kwamba niiandike mimi, na wakilalamika wanipigie mimi.

Karatasi ilisema vyumba vya uani vina megabiti 1 kwa kila simu, vyumba vya mbele vina zaidi, na anayetaka ya mbele kwa siku moja alipie elfu mbili mapokezini. Kijana aliisoma akiwa amesimama, vumbi la karasha bado kwenye nyusi. Maombi yake alikuwa ameyatuma steshenari, alinijibu nilipouliza, kwa elfu tano.

“Kwa hiyo siku ile haukuwa chini.”

“Haukuwa chini.”

“Na wewe ulikuwa umekaa hapo.”

“Nilikuwa hapo.”

Akaitazama tena karatasi, akauliza zile namba nani anazipanga, na kama nikimhamisha sasa hivi simu yake itajua. Nikamwambia haitajua. Akatoa elfu mbili, akaiweka kaunta mbele yangu, si mbele ya dada.