PROGRAMU ILIYOVUNJWA KUFULI: NI HALALI KWA NANI?



Shukrani zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Ijumaa hii tunazungumza juu ya mali isiyoshikika kwa mkono. Mwizi wa mbuzi tunamjua. Mwenye kupunguza mizani sokoni tunamjua, na mwenye kula mali ya yatima tunamjua pia. Lakini kuna mali ambayo mtu anaichukua usiku chumbani mwake, mbwa habweki, na asubuhi mwenyewe anaikuta pahali pale pale alipoiacha. Je, huyo naye amechukua cha mwingine?

Ndugu msomaji, huenda una mtoto, mdogo wako au jirani mwenye studio: ordinatere moja, mikro moja, spika mbili na magodoro ukutani. Humo anarekodi nyimbo za harusi, matangazo ya redio na kaswida za madrasa. Karatasi hii haitoi hukumu ya muziki. Wanavyuoni wana maneno yao humo. Programu hizi hizi ndizo zinazosafisha sauti ya mawaidha na ya usomaji wa Qurani. Swali letu ni moja tu: chombo anachofanyia kazi amekipata kwa njia gani?

1. KITU CHENYEWE NI NINI

Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg, ya Hamburg huko Ujerumani, ilileta mtindo unaoitwa VST. Kwa mtindo huo programu ndogo inaingia ndani ya programu kubwa ya kurekodi na kufanya kazi ya mashine nzima: moja inaleta mwangwi, nyingine inakata kelele, nyingine inapiga kama kinanda. Wanaziita plagini. Zamani kazi hiyo ilitaka kabati zima la mashine za bei kubwa. Leo inakaa ndani ya flashi.

Kampuni nyingi za kazi hii ni ndogo, na nyingine ni mtu mmoja tu nyumbani kwake. Anatumia miezi au miaka kuandika programu, kisha anaiuza nakala moja moja. Kwa sababu nakala inatoka kwa dakika moja bila gharama, anaweka kufuli. Wengine wanadai namba ya siri. Wengine wanaifunga programu kwa ordinatere moja kwa njia ya intaneti. Wengine wanamtaka mnunuzi achomeke ufunguo wa USB kila anapofanya kazi. Na wapo watu wanaovunja makufuli hayo na kusambaza programu bure. Nakala hizo ndizo zinazofika kwetu, zinanakiliwa toka flashi moja mpaka nyingine, na mara nyingi zinauzwa.

2. «MWENYEWE HAKUPOTEZA KITU»

Hii ndiyo hoja ya kwanza ya vijana wetu, na si hoja ya kijinga. Ukiiba mbuzi, mwenyewe anabaki bila mbuzi. Ukinakili programu, mwenyewe anabaki nayo. Tena mafakihi walipoeleza wizi wenye adhabu yake maalumu, waliweka masharti mengi, na kunakili hakuingii humo kwa urahisi.

Lakini angalia, ndugu yangu. Kitu kikikosa jina la wizi, bado hakijawa halali. Khiyana si wizi, na ni haramu. Kumnyima kibarua ujira wake si wizi, na ni dhuluma.

Fikiri juu ya mwenye pirogi anayevusha watu mtoni. Pirogi ina nafasi, na itavuka hata ukikosa kupanda. Wewe unajificha kati ya mizigo, unavuka, unashuka bila kulipa. Mwenye pirogi hakupoteza ubao wala kasia. Je, umemfanyia haki? Yule alichonga pirogi ile kwa matumaini kwamba kila atakayevuka atatoa sehemu yake. Wewe umechukua faida ya jasho lake, na mzigo wa kulilipa umewaachia abiria wengine.

Mwingine atasema: «Mimi nisingeinunua kamwe, basi hakukosa kitu kwangu.» Sawa, lakini mtu asiyelipa pirogi anabaki ng'ambo. Wewe umevuka. Kwa programu ile umerekodi harusi, umepokea pesa, umepata jina. Ukishapata faida huwezi kusema hakuna kilichochukuliwa.

Wanavyuoni wa zama zetu waliliangalia jambo hili. Mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait, likaamua kwamba haki za mtunzi na za mvumbuzi zina thamani ya mali, zinalindwa na sharia, na haifai kuzivamia.

3. «SISI NI MASIKINI»

Hoja hii ni nzito zaidi. Bei imewekwa Ulaya na Marekani, kwa mishahara ya huko. Hapa kwetu programu moja inaweza kula mapato ya miezi. Tena unaweza kuwa na dola mkononi na ukakosa kadi ya benki ya kulipia kwenye intaneti. Anayemkemea kijana bila kuyatazama haya hajamtendea uadilifu.

Hata hivyo tupime. Dharura inayohalalisha haramu ni ile ya kuokoa roho, nayo inahalalisha kiasi cha haja tu. Na hata hapo, wengi katika mafakihi wamesema kwamba aliyekula chakula cha mwenzake kwa njaa ya kufa, bei yake inabaki shingoni mwake. Ikiwa njaa haifuti deni, mwangwi wa kinanda utalifuta?

Tena dharura inaisha pale njia ya halali inapofunguka, na hapa njia zipo. Audacity ni bure, na inatosha kurekodi na kusafisha sauti. Ardour na LMMS ni programu huru. Kinanda cha Surge, kilichokuwa cha kuuzwa, mwenyewe alikifungua kwa watu wote mwaka 2018. Vital, kilichotoka 2020, kina toleo la bure. Valhalla DSP ya Marekani inauza mwangwi wake, lakini Supermassive, ya 2020, inaitoa bure. REAPER inakupa siku 60 za kujaribu. Zikiisha haikufungii mlango, inakukumbusha tu kwamba hujalipa. Dola 60 zinamtosha mtu binafsi au biashara ndogo. Huyo amekuachia wewe na dhamiri yako. Utamjibu nini?

4. «NA WENYE KAMPUNI JE?»

Haki ina pande mbili, na sisi hatufichi upande wa pili. Kufuli mara nyingi inamwumiza aliyelipa, na aliyevunja anapita bila taabu. Mwezi wa Juni 2013 kampuni ya PACE, yenye ufunguo wa iLok, ilibadilisha mfumo wake. Watu waliokuwa wamelipa wakakaa siku kadhaa bila kuweza kufungua programu zao, na kazi za wateja zinawangoja. Mwezi wa Machi 2023 kampuni ya Waves ilitangaza kwamba haiuzi tena leseni za kudumu, ni kukodi tu. Watu wakapiga kelele, na baada ya siku chache ikarudisha mauzo. Steinberg yenyewe, iliyowalazimisha wateja wake kutumia ufunguo wa USB kwa miaka mingi, iliuacha na Cubase 12 mwaka 2022, na mwezi wa Mei 2025 ikafunga huduma ya ufunguo huo.

Anayeuza kitu kisha akakishika kwa kamba ili akivute siku anayotaka, huyo naye ataulizwa. Mwenye kulipa ana haki ya kutumia alichonunua. Kwa hiyo tusiwaweke pamoja watu wawili. Mmoja alinunua kwa halali, kampuni ikafa au ufunguo ukavunjika, naye anatafuta njia ya kuingia nyumbani mwake mwenyewe. Mwingine hakununua kamwe, anaingia nyumba ya mwenzake kwa kisingizio kwamba kufuli lilikuwa baya. Dhuluma ya kampuni kwa wateja wake haikupi wewe, usiyekuwa mteja, leseni ya bure.

5. TUJIANGALIE SISI WENYEWE

Nani analia zaidi juu ya kunakili? Ni wanamuziki wetu. Ametoa wimbo leo, kesho unauzwa sokoni ndani ya flashi na yeye hapati hata franka moja. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi, nao wanaililia kila siku. Kilio chao ni cha haki. Lakini ikiwa studio yenyewe imejaa programu zilizovunjwa, analalamika kwa kinywa na kujijibu kwa mkono. Haki unayoidai kwa mwenzako ndiyo haki unayodaiwa.

Na madhara hayakai mbali. Mwezi wa Juni 2019 kampuni ya usalama ya ESET ilieleza juu ya LoudMiner, programu mbaya iliyofichwa ndani ya plagini zilizovunjwa tangu Agosti 2018. Ilikuwa inafanyisha ordinatere kazi ya siri ya kumchumia mtu mwingine pesa za kidijitali. Sisi tunaotafuta umeme kwa jenereta na sahani za jua, tumlipie mgeni asiyejulikana mafuta yake? Kweli, cha bure kina mlipaji.

6. TUFANYE NINI

Kwanza, anayeuza flashi za programu zilizovunjwa aache. Anauza kisicho chake, na kosa lake ni kubwa kuliko la mtoto anayejifunza.

Pili, anayepata pesa kwa programu asiyoilipia aihesabu kama deni. Ahamie kwenye za bure, au aweke kando kidogo katika kila kazi mpaka anunue. Wenye kadi ya benki, walio hapa au nje, wawasaidie vijana kulipa.

Tatu, sisi wazazi na viongozi wa madrasa tukipeleka kaswida studio, tuulize chombo kama tunavyouliza nyama imechinjwa na nani. Tena tumlipe kijana bei ya haki. Tukimpunja, tunamsukuma sisi wenyewe kwenye flashi ile.

Ndugu yangu, aliyeandika programu hiyo hatakujua, hatafika mji wako, wala hatakushitaki. Hapo ndipo amana inapopimwa: mwenye mali yuko mbali, mlango uko wazi, na shahidi ni Mmoja tu.

Tunamwomba Allah atutosheleze kwa halali yake, azibariki kazi za mikono ya vijana wetu na aziepushe shingo zetu na haki za watu. Amina.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe ovyo. Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.)