Picha na Haki ya Wenyeji

Mwanafunzi wa sanaa akienda Buganguzi na kamera na kalamu ya risasi, ni ipi kati ya hizo isemayo kweli? Wengi wetu hujibu upesi: kamera, maana haiongezi wala haipunguzi. Lakini tuangalie rweya, yaani nchi ya majani iliyo nje ya vibanja vya migomba. Katika picha ya kamera huonekana tupu, na mgeni aweza kudhani haina mwenyewe. Lakini tangu zamani Wahaya huchunga ng'ombe huko, nao hukata majani ya kuezekea na ya kutandaza chini ya migomba. Kamera haikusema uwongo, imenyamaza tu. Walakini kunyamaza huko kwaweza kumnyima mtu haki yake.

Twaona mfano mwema kwa mchoraji Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923 na kusoma Makerere. Picha zake za Uchagani zimejaa watu. Moja, ya mwaka 1956, yaonyesha wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku. Imo katika Museum of Modern Art, New York. Hakuitenga nchi na wenyewe.

Hatusemi kamera itupwe. Mchoraji naye aweza kudanganya, tena kwa urahisi zaidi, kwa kuwa mkono humtii. Ila kabla ya kupiga picha au kuchora, yatupasa kuuliza: Ni nani afanyaye kazi hapa, na saa gani? Kisha tumngoje mpaka aje.