Mvua ni kudra, tuta ni amana

Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika, ukabomoa tuta lililoukinga mji wa Kilosa na kusomba reli ya kati. Huku Tabora hatukulowa hata unyayo, lakini kwa miezi kadhaa treni ya Dar es Salaam haikutufikia. Tangu zama za misafara ya Bagamoyo, mji wetu unaitegemea njia ya pwani.

Wengi tulisema, nami nikiwemo: ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Leo naona tulichanganya mambo. Mvua ni kudra. Tuta ni amana. Nalo halichakai kwa usiku mmoja: mifugo hulikanyaga, mmoja hulima ubavuni mwake, mwingine huchimba udongo wa matofali, mchanga hujaa mtoni, na mwenye fungu la matengenezo husema mwakani.

Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu wa jahazi moja. Wa chini, waliokuwa wakipanda kuteka maji, walitaka kutoboa sehemu yao wasiwasumbue wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka.

Simtetei mwenye jembe, lakini naye ana njaa. Wa juu wamwonyeshe pa kulima kabla ya kumfukuza. Nasi tulio mbali tuulizie hali ya tuta wakati wa kiangazi, si maji yakishafika.

Siku ya Hesabu hatutaulizwa kwa nini mvua ilinyesha. Tutaulizwa tuta tulilitunza vipi.