Kidole Chako Usikiachie Ovyo

Wajukuu zangu wa Mkuyuni, ninyi mnaoshusha ndizi na machungwa hadi Morogoro mjini na kulipwa kwa simu, nisikilizeni. Mwizi wa leo havunji mlango. Anajifanya wewe mbele ya mtandao, basi, hela imekwenda.

Tangu mwaka 2019 laini zetu zinasajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, na alama za vidole. Utaratibu ni mzuri, lakini matapeli wamepata pa kupenyea. Unamwendea msajili chini ya mwavuli, unaweka kidole gumba kwenye kimashine, anakwambia, "Haijasoma, weka tena." Unafuta kidole kwenye shati, unaweka. "Tena." Kweli, kidole kilichosuguliwa na mpini wa jembe huweza kugoma. Ila msajili asiye mwaminifu hutumia mwanya huohuo kusajili laini ya pili kwa jina lako. Ikianza kutuma zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii", atakayeitwa polisi ni wewe. Akili ya kuambiwa changanya na ya kwako: ukitoka hapo bonyeza *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwenye duka la kampuni husika ukaikane, ifungwe.

Simu ikikata mtandao ghafla ilhali wenzako wanao, usisingizie milima. Huenda laini yako imeshahamishiwa kadi nyingine. Azima simu papo hapo, uwapigie kampuni waizuie.

Simu nayo ina namba yake ya tarakimu 15. Ukibonyeza *#06# utaiona. Wapo wanaoibadili ili simu ya wizi ionekane safi. Simu bandia nazo zina namba zisizo halali: Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizizima nchi nzima, na walionunua kwa bei ya kutupa wakabaki na kopo. Kabla hujatoa hela ya kununua simu, tuma namba hiyo kwenda 15090 uhakikishe ni halali.

Nawe kijana fundi, ukiletewa kazi ya kubadili namba hiyo au kunakili laini, kataa. Sheria ya mwaka 2010 ya mawasiliano ya kielektroniki na posta inakuhesabu mhalifu.

Mwisho, bibi na babu zenu wana laini na hawajui kuzikagua. Wakagulieni wiki hii. Lakini namba ya siri ya pesa zao za simu waacheni waibonyeze wenyewe. Msiiulize, hata kwa nia njema.